Darubini ya Porro

Darubini ya Porro ni darubini ya macho mawili ambayo kila upande wake una miche miwili ya kioo inayogeuza taswira ili isionekane juu chini. Jina latokana na Mwitalia Ignazio Porro, aliyepata hataza ya mpangilio huo mwaka 1854. Kampuni ya Carl Zeiss ya Ujerumani ilianza kuziuza mwaka 1894. Hutambulika kwa mabega yake, kwa kuwa lenzi za mbele zimeachana kuliko zile za machoni.

Kwa bei ya kati, mara nyingi huonyesha vizuri kuliko darubini ya mabomba yaliyonyooka ya bei ileile, kwani miche yake ni rahisi kutengeneza. Udhaifu wake ni mwili. Ikianguka, miche huweza kusogea na mtazamaji akaona vitu viwiliviwili. Tena nyingi hurekebishwa kwa daraja la nje linaloteleza, na hapo vumbi na maji hupenya. Jambo hilo si dogo Igawa, wilayani Mbarali, penye vumbi la Usangu wakati wa kiangazi, wala kwa anayepanda kutazama ndege katika ukungu wa Hifadhi ya Kitulo. Iliyozibwa na kujazwa naitrojeni haifanyi ukungu kwa ndani.

Namba 8x40 humaanisha kukuza mara 8 kwa lenzi ya milimita 40. Ya 12x50 hukuza zaidi, lakini hutikisika mkononi. Kabla ya kulipa, itazamwe nguzo ya mbali kwa macho yote mawili; zikionekana nguzo mbili, iachwe dukani.