Majeraha ya nyoka wa kufugwa wakati wa kujivua gamba

Ni michubuko, maumo na vidonda vya moto vinavyompata nyoka wa kizimbani katika siku za kubadilisha ngozi, au ambavyo siku hizo humkuta navyo. Nchini Tanzania jambo hili huwagusa hasa watunzaji wa chatu katika bustani za nyoka na katika vikundi vya ngoma za Kisukuma.

Kujivua gamba

Ngozi ya juu ya nyoka haikui pamoja na mwili. Mpya hujengeka chini yake na ya zamani hutupwa, kazi inayochukua takriban wiki mbili. Rangi hufifia, kisha majimaji huingia kati ya matabaka hayo mawili na macho yakawa na ukungu wa kibuluu. Nyoka haoni vizuri, hugoma kula na huwa mkali. Macho hutakata tena, na baada ya siku chache nyoka husugua mdomo kwenye jiwe au gogo mpaka gamba lipasuke, akatambaa kutoka ndani yake. Gamba la nyoka mwenye afya hutoka zima, limegeuka ndani nje, likiwa na vifuniko vya macho yote mawili. Aliyejeruhiwa hujivua mara nyingi kuliko kawaida mpaka apone.

Ukavu wa hewa ndio adui mkubwa. Huko Kasekese, kata ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, mvua za masika zikishakatika huja miezi mikavu mpaka karibu na Novemba. Chatu wa porini hujitumbukiza mtoni, lakini wa kizimbani hana ila bakuli aliyowekewa. Akikosa unyevu, gamba humkaukia mwilini na kutoka vipandevipande.

Majeraha na matunzo yake

Vyanzo vya kawaida ni waya wa kizimba, balbu ya joto isiyokingwa, na utitiri. Panya hai aliyeachwa usiku kucha na nyoka asiyetaka kula huweza kumtafuna mgongo hadi mfupani.

Kosa baya kuliko yote, na la kusikitisha kwa kuwa hutendwa kwa nia njema, ni kulivuta gamba kwa mkono. Penye jeraha, gamba hushikamana na kigaga. Kulibandua ni kutonesha kidonda na kung'oa ngozi changa isiyokomaa. Machoni hatari ni kubwa zaidi: nyoka hana kope, na kifuniko cha jicho kikivutwa kwa nguvu, huweza kupofuka.

Nyoka aliyejeruhiwa huondolewa pumba za mbao kizimbani na kutandikiwa magazeti safi. Kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, kisha hupakwa povidoni ayodini iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Vidonda vya moto hupakwa krimu ya silva salfadiazini kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Kumloweka nyoka hulegeza gamba gumu, ila hakufai kidonda kikiwa wazi. Afadhali awekewe kisanduku chenye kitambaa kibichi, na sehemu nyingine ya kizimba ibaki kavu, maana sakafu ikilowa daima tumbo hutoka malengelenge. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 28 hadi 32, kwani nyoka akipoa, kinga yake nayo hulegea. Pete ya gamba iliyosalia mkiani hubana damu mpaka ncha ikafa, hivyo mkia ukaguliwe kila anapojivua. Jeraha lililoshonwa huachiwa nyuzi kwa wiki 6 hivi, na mara nyingi daktari hungoja kwanza nyoka ajivue.

Utunzaji wa nyoka Tanzania

Wasukuma, ambao wengi wamehamia Katavi na mifugo yao, wana vyama vya kale vya waganga wa nyoka. Mtafiti Hans Cory aliandika juu ya kimojawapo, Buyeye, mwaka 1946. Ngoma ya chatu huchezwa hadi leo Bujora, Mwanza, katika sherehe za Bulabo. C. J. P. Ionides (1901–1968), mkamataji nyoka mashuhuri, aliishi Liwale. Bustani ya nyoka ya Meserani, karibu na Arusha, ilianzishwa mwaka 1993.

Sheria

Chatu wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kuwafuga nchini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009.