Maji Yanapoua Mtetemo

Tulipokuwa shule tulikuwa na mchezo uliowakera walimu: kubana rula ukingoni mwa dawati, kuipiga kwa kidole na kuiacha ilie. Irudie rula hiyo ndani ya ndoo ya maji. Haitalia; itayumba kidogo, itulie.

Mwaka 1828 Friedrich Bessel, mtaalamu wa nyota wa Prussia, alionyesha kwamba pendulamu haibembei peke yake. Huburuta hewa inayoizunguka, na mzigo huo huichelewesha. Mwaka 1850 George Stokes wa Cambridge, mzaliwa wa Ayalandi, aliwasilisha hesabu zilizoongeza jambo la pili: mnato, yaani msuguano uliomo ndani ya hewa au maji yenyewe, hula nguvu ya mwendo mpaka kitu kikasimama.

Kwa pendulamu nzito hasara hiyo ni ndogo. Lakini siku hizi mafundi huchonga vijirula vya silikoni vyenye upana wa nanomita 100, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kijirula kikitetemeka huwa mizani: chembe ikikiangukia, idadi ya mitetemo kwa sekunde hupungua, na upungufu huo ndio unaokujulisha uzito. Kitie majini sasa. Kikitetemeka mara milioni kwa sekunde, tabaka la maji linaloburutwa hufikia unene wa nanomita 500 na zaidi, yaani mara tano ya upana wake. Ni mtoto aliyebebeshwa gunia la mahindi. Mtetemo hufa upesi, na mizani haisomeki.

Basi si tuondoe maji na hewa, tupime katika ombwe? Tatizo ni kwamba chembe hai hukauka huko ikafa, nasi tulitaka kuipima ikiwa hai.

Jawabu lililonifurahisha mimi, kwa urahisi wake, lilitangazwa mwaka 2007 na Thomas Burg, Scott Manalis na wenzao huko MIT, Marekani. Walitoboa mfereji ndani ya kijirula chenyewe, kikubwa kuliko vile vya nanomita 100, wakapitisha maji humo, na nje wakaacha ombwe. Maji yaliyokuwa yakikishika kwa nje sasa yakawa abiria, yakienda na kurudi pamoja nacho, na mtetemo ukadumu. Bakteria walipita mferejini mmoja mmoja, ndani ya maji, na kila mmoja akapimwa.