Chumvi ya Epsom Haikuanza kwa Beseni

Leo siuzi kitu. Nasema hivyo mapema kwa sababu mara ya mwisho nilipowaambia habari ya chumvi ya kuoga, nilikuwa nauza.

Mnaikumbuka ile video. Taa imezimwa, mishumaa miwili, mkono wangu unamwaga chumvi polepole kwa maji ya moto. Nikasema chumvi ya Epsom inatoa sumu mwilini, inamaliza maumivu ya miguu, inaleta usingizi. Kampuni moja ilikuwa imenitumia pakiti sita za bure na pesa kidogo kwa M-Pesa. Maneno yote yalikuwa kwa karatasi waliyonitumia, mimi nilisoma tu kwa sauti nzuri. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Pakiti mbili nilimpelekea shosho huko ocha. Shosho ako na kisukari, zaidi ya miaka kumi sasa. Alikuwa ameona video kwa simu ya binamu yangu na alifurahi sana. "Mami, kumbe hiyo ndiyo kazi unafanya?" Tangu niache chuo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kuhusu kazi yangu bila kuhema kwanza.

Jioni moja akachemsha maji, akamwaga chumvi, akatumbukiza miguu na kukaa akiangalia habari. Maji yalikuwa moto kupita kiasi. Hakuhisi. Kisukari kilikuwa kimeshaharibu mishipa ya fahamu ya nyayo zake, na hakuna mtu kwa familia yetu alikuwa anajua, hata yeye mwenyewe. Aliona malengelenge wakati wa kujipanguza.

Alilazwa wiki tatu. Sista aliyekuwa anambadilishia bandeji akaniuliza ni nini iliwekwa kwa hayo maji. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, si kwa ubaya. "Hiyo chumvi tuko nayo hata hapa," akasema. "Lakini iko wodi ya kujifungua, na sisi tunaidunga kwa sindano."

Sikuelewa. Nilirudi Nairobi nikaanza kusoma vile sikuwahi kusoma nikiwa chuo. Hii ndiyo hadithi nilipaswa kuwapa kabla ya kumwaga hiyo chumvi mbele ya kamera.

Ng'ombe walikataa

Epsom ni mji. Mimi nilidhani ni jina la kampuni. Uko Surrey, Uingereza, kusini-magharibi mwa London, na siku hizi unajulikana zaidi kwa mbio za farasi.

Hadithi inayosimuliwa huko ni kwamba mwaka 1618 kulikuwa na kiangazi kikali. Mfugaji mmoja, Henry Wicker, akaona shimo dogo la maji kwenye uwanja wa malisho wa kijiji. Akalipanua ili ng'ombe wake wanywe. Ng'ombe wakakaribia, wakaonja, wakakataa. Maji yalikuwa machungu. Kiu yote ile, na bado wakakataa.

Baadaye watu wakaanza kusema kwamba wakioshea vidonda kwa hayo maji, vinapona haraka. Halafu kuna waliokunywa, na wakagundua kitu kingine: yanaharisha, na yanaharisha vizuri.

Hapo ndipo mji ukapata pesa. Enzi hizo madaktari wa Ulaya waliamini magonjwa mengi yanatokana na uchafu ulioganda ndani ya mwili, kwa hivyo dawa nzuri ni ile inayokufagia. Matajiri wa London wakaanza kumiminika Epsom. Mmoja wao alikuwa Samuel Pepys, afisa wa jeshi la majini ambaye alikuwa anaandika kila kitu kwenye shajara yake. Julai 1667 alifika kisimani kama saa mbili asubuhi, akanywa painti nne, yaani kama lita mbili, kisha akaandika bila aibu kwamba choo kilitoka vizuri sana. Manze, huyo angekuwa hai leo angekuwa na wafuasi wengi kuniliko.

Angalia hapo vizuri. Umaarufu wa hii kitu haukujengwa kwa kuoga. Ulijengwa kwa kunywa na kukimbilia choo. Na Kiswahili kilikuwa kinajua: kamusi zinaiita chumvi ya haluli, na haluli ni dawa ya kuharisha. Wazee wa lugha yetu waliipa jina la kazi yake. Sisi tukakopa jina la mji wa watu tukalibandika kwa pakiti ya rangi ya waridi.

Kisima kinaingia kwa pakiti

Sasa akaingia daktari anayeitwa Nehemiah Grew, msomi mkubwa wa mimea ambaye aliwahi kuwa katibu wa Royal Society pale London. Alichemsha maji hadi yakabaki chembechembe za chumvi chungu. Mwaka 1695 akachapisha kitabu kwa Kilatini kuhusu hiyo chumvi, na 1698 akapata hataza ya mfalme, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yake.

Lakini alikuwa amechelewa. Kulikuwa na ndugu wawili wauza dawa, Francis na George Moult. Walitafsiri kitabu chake kwa Kiingereza bila ruhusa, wakatengeneza chumvi yao, wakaiuza kwa bei ya chini. Grew akawa anapiga kelele kwamba yao ni feki, na wao wanaendelea kuuza. Umewahi kuona mtu akichukua video yako, akatoa jina lako, akaiposti yeye? Hiyo kitu ina zaidi ya miaka mia tatu.

Mambo hayakuishia hapo. Watengenezaji wa chumvi ya bahari waligundua kwamba yale maji machungu yanayobaki baada ya kuvuna chumvi ya kawaida yanaweza kutoa chumvi ileile. Kwa hivyo "chumvi ya Epsom" ikaanza kutengenezwa mahali ambapo hata hakuna anayeiona Epsom. Hakukuwa tena na haja ya kusafiri hadi kisimani, na kwenye karne ya 18 biashara ya kisima ikazama. Kisima chenyewe bado kipo, katikati ya mtaa wa makazi ya watu. Jina ndilo lililosafiri.

Na muda huo wote, wauzaji walikuwa hawajui wanauza nini. Ni 1755 ambapo Joseph Black, pale Edinburgh, alionyesha kwamba ndani ya hiyo chumvi kuna kitu tofauti kabisa na chokaa. Ni 1808 ambapo Humphry Davy alifaulu kuitenga metali yenyewe, ile tunaita magnesiamu. Piga hesabu: kutoka kitabu cha Grew hadi hapo ni miaka 113. Zaidi ya karne nzima ya kuahidi watu uponyaji kwa kitu ambacho hakuna aliyejua kimetengenezwa na nini.

Nilipofika hapo nikafunga laptopu kidogo. Kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeuza kitu nisichokijua, na mimi nilikuwa na intaneti.

Kile ambacho sista alijua

Leo tunajua. Ni magnesiamu, salfa na oksijeni, pamoja na maji yaliyoshikwa ndani ya chembe zake. Wanakemia wanaiita magnesiamu salfeti.

Je, ukiioga inaingia mwilini? Kuna mapitio ya utafiti ya 2017 yaliyochunguza habari ya magnesiamu kupita kwenye ngozi, na yakasema ushahidi hautoshi kuunga mkono hayo madai. Na "sumu" ambayo niliwaambia inatoka, hakuna hata mmoja kati yetu aliyeitaja jina. Kazi ya kusafisha damu iko kwa figo na ini, si kwa nyayo. Ukijisikia umepumzika baada ya kuoga, ni kweli umepumzika. Maji ya moto yanalegeza misuli, mlango umefungwa, simu iko mbali. Hizo ni sababu tosha. Hazihitaji chumvi.

Lakini kuna mahali hii chumvi imefanya kazi ambayo haina ubishi, na ndipo yale maneno ya sista yaliponiingia. Kuna hali inaitwa kifafa cha mimba. Mama mjamzito presha inapanda, anaanza kupata degedege, na anaweza kufa yeye na mtoto. Madaktari walitumia magnesiamu salfeti kwa miaka mingi huku wengine wakipinga. Mwaka 1995 utafiti mkubwa wa nchi nyingi ukaonyesha inazuia degedege kurudi kuliko dawa zingine mbili zilizokuwa zikitumika. Mwaka 2002 ukatoka mwingine, wa zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, wenye presha lakini ambao hawajapata kifafa. Waliopewa hiyo chumvi, hatari yao ilipungua kwa zaidi ya nusu. Sasa iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Inadungwa kwa kipimo, na mtu anakaa pale akihesabu pumzi za mama na kugonga goti lake kuangalia kama linaruka, kwa sababu ikizidi inaweza kusimamisha pumzi. Chumvi ile ile. Hakuna mishumaa hapo.

Wanawake zaidi ya 10,000 walihesabiwa mmoja mmoja ndipo watu wakasema "inafanya kazi." Mimi nilisema kwa sekunde arobaini.

Na magadi je?

Kwa komenti mtu aliniuliza: si nitumie tu magadi ya kupikia, ni bei rahisi? Wakati huo nilimjibu na emoji ya kucheka. Jibu la kweli ni hili. Magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, ni chumvi nyingine kabisa, ya sodiamu, na ni kali kwa ngozi. Ndiyo maana inalainisha maharagwe. Ina historia yake pia: wafugaji waliijua kabla ya kampuni yoyote, kisha 1911 kampuni ya Waingereza ikaundwa kuichimba na reli ikajengwa hadi ziwani. Watu bado wanaenda kuoga kwa zile chemchemi za moto kandokando ya ziwa, na ni raha yao. Lakini usichukue magadi ya jikoni ukaloweke miguu ati kwa sababu zote zinaitwa chumvi.

Tulipofika

Shosho alirudi nyumbani. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto hakikupona, ilibidi kitolewe. Hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo ngumu zaidi. Mara ya mwisho nilipoenda aliniuliza kama bado nafanya ile kazi ya simu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi waambie watu wapime maji."

Video nimeifuta. Nimewarudishia wale watu pesa yao, na pakiti nne zilizobaki ziko chini ya sinki. Sisemi usioge na chumvi. Kama uko mzima na unapenda, oga, ni maji tu na chumvi tu. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye kisukari hashauriwi kuloweka miguu, iwe kwa chumvi au bila, na maji ya kumnawisha yapimwe na kiwiko cha mtu ambaye anahisi. Hiyo sentensi haikuwa kwa karatasi niliyotumiwa. Nilipaswa kuitafuta mwenyewe.

Kwa hivyo mpigie shosho wako leo. Usimuulize tu kama amekula. Muulize kama akitembea bila viatu, anaihisi sakafu.