Kumi Katika Kila Mia

Ninayo stakabadhi ya ushuru wa soko ya mwaka 1996. Ni nakala ya kaboni, karatasi laini ya rangi ya waridi yenye muhuri wa halmashauri na maandishi ya mkono: "viazi, debe 1". Alinipa mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi mviringo pembeni mwa gulio la Jumamosi, siku niliyokwenda kujitambulisha kwa mara ya kwanza kama afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ilikuwa katika wilaya moja ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma. Nilimweleza kuwa upo mfuko wa kukopesha wanawake wenye biashara ndogo. Akafungua pindo la kitenge, akatoa ile stakabadhi.

"Mwanangu, huo mfuko unajazwa na nini?" akaniuliza. "Maana mimi kila Jumamosi natoa, na sijaona siku ya kurudishiwa."

Sikuwa na jibu. Nilipewa fomu na maelekezo ya namna ya kuzijaza, lakini hakuna aliyenieleza fedha zinatoka wapi. Nikarudi ofisini kuuliza.

Mfuko wenyewe ulikuwa mchanga. Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake ulianzishwa mwaka 1993, na wa vijana ukaanza wakati huohuo. Serikali kuu ilitoa fedha za kuanzia, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 5 kwa wanawake, 5 kwa vijana. Mapato ya ndani ndiyo ushuru wa soko, ushuru wa mazao, ada za leseni, ada za machinjio na stendi. Jibu la yule mama, kwa hiyo, alikuwa amelishika mkononi mwake mwenyewe. Katika kila shilingi 100 aliyomlipa mkusanya ushuru, 10 zilipaswa kurudi sokoni zikiwa mtaji. Jumamosi iliyofuata nikamfuata palepale nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimwandike jina.

Anayetaka kuelewa kwa nini kuanzishwa kwa mfuko ule kulikuwa hatua kubwa lazima arudi nyuma. Serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika ilitunga sheria, katika miaka ya 1920 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1930, ya kubana mikopo kwa Mwafrika. Deni ambalo ofisa wa serikali hakuliidhinisha halikuweza kudaiwa mahakamani. Walisema wanamlinda mwananchi asizame kwenye madeni. Matokeo yake yalikuwa mepesi kuona: mwenye duka la jumla hakukubali kumkopesha Mwafrika mzigo, na Mwafrika asiyekopeshwa mzigo alibaki kuuza kile alicholima. Njia ya kutoka ilikuwa ushirika. Wachagga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, pale Moshi. Lakini ushirika ulikuwa wa mwenye kahawa, pamba au tumbaku. Mwanamke wa viazi na maandazi hakuwa na mlango wa kuingilia.

Uhuru ulipokuja, mfanyabiashara mdogo hakupata nafuu ya haraka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani chini ya maofisa wa serikali kuu. Mwaka 1973 lilianzishwa shirika la SIDO kwa ajili ya viwanda vidogo, na hadi leo nawaheshimu mafundi wake kwa yale waliyofundisha. Ila mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Nilikuwa na miaka 14. Baba yangu alikuwa na kiduka cha chumvi, mafuta ya taa, viberiti na sabuni za mche. Kikafungwa ili kupisha duka la kijiji. Nakumbuka mzani wake wa mawe ulivyokaa juu ya kabati miaka kadhaa ukiwa umefunikwa gunia, na mama alivyokuwa akiushusha kila Krismasi kuufuta vumbi. Duka la kijiji lilidumu kwa muda mfupi. Mwaka huohuo vyama vya ushirika navyo vikavunjwa.

Halmashauri zilirudi kwa sheria za mwaka 1982, na za wilaya zikaanza kazi mwaka 1984. Zilirudi zikiwa na njaa ya mapato. Katikati hapo, mwaka 1983, ikapita Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa mijini wasio na kazi inayotambulika wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Mwenye meza ya nyanya alilazimika kuwa na leseni ya nguvu kazi ili asihesabiwe mzururaji. Hata hivyo maisha yalikuwa yameshabadilika. Mishahara haikutosha, bidhaa zilikuwa adimu, na katika kila nyumba ukasikia neno moja: mradi. Mwalimu ana mradi wa kuku, karani ana mradi wa maandazi, mke wa daktari anashona sare za shule. Hadi tunafika miaka ya 1990, watu wanapunguzwa kazi serikalini na kwenye mashirika ya umma, waliokuwa wakilisha familia kwa biashara ndogo walikuwa wengi mno, na wengi wao wanawake. Hao ndio mfuko wa 1993 uliwalenga.

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha wanawake watano. Mama wa viazi alikuwa mwenyekiti. Mwaka 1997 walipata shilingi 250,000, kila mmoja 50,000, kwa riba ndogo. Walikutana kila Alhamisi jioni katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa ubao wa dawati. Walikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilikaa kwa wanawake watatu tofauti, na sanduku likalala kwa wa nne. Kabla ya kulifungua walitaja kwa sauti kiasi kilichoachwa wiki iliyopita. Kisha wakahesabu. Kama hesabu haikulingana, hakuna aliyeondoka.

Sanduku halikutokana na mfuko wala na mimi. Walilitoa kwenye mchezo wao wa kupeana fedha, ambao walikuwa nao miaka mingi kabla serikali haijawafikiria. Mimi niliwaongezea kitu kimoja tu. Kila Alhamisi walileta stakabadhi za ushuru walizolipa gulioni, tukazibandika kwa gundi ya unga kwenye daftari, na mwisho wa mwezi tukajumlisha. Kisha tukagawa kwa kumi. Walikuwa wanaona kwa macho yao sehemu yao ndani ya mfuko inavyokua. Mmoja wao, aliyekuwa akishona kwa cherehani ya kukodi, alichelewa marejesho ya miezi miwili kwa sababu mtoto alilazwa. Wenzake wakamlipia, na mwenyekiti akamwambia maneno ambayo bado nayasikia: "Hii siyo hela ya bwana mkubwa, hii ni ya gulio letu." Walimaliza deni lote.

Sitaki kuupamba mfuko ule. Asilimia 10 ilikuwa agizo, haikuwa sheria. Katika vikao vya bajeti ilitengwa, kwenye akaunti haikuingia. Mwaka mzima ungeona takwimu nzuri kwenye kitabu cha mipango, na ukienda kwa mweka hazina unaambiwa makusanyo yamekwenda kwenye mafuta ya magari, posho za vikao na mitihani ya shule. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingi mdogo, zile tulizoziita kodi zenye kero. Wananchi walishangilia, nami nikashangilia pamoja nao, kwani nilishuhudia wanaume wakilala porini kukwepa mgambo wa kodi. Serikali kuu ikaleta ruzuku ya kufidia pengo. Ruzuku hiyo, kwa sababu haikuwa mapato ya ndani, haikukatwa asilimia 10. Kwa hiyo mfuko wa wanawake na vijana ukabaki kutegemea ushuru uliosalia, na kwetu huo ulikuwa mdogo.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Mwaka mmoja wa uchaguzi, halmashauri niliyokuwa nikiitumikia ilikusanya fedha za robo tatu za mwaka na kuzitoa kwa siku moja, uwanjani, kwa hundi ya mfano yenye urefu wa mtu. Ngoma zilipigwa, viongozi wakahutubia, kila kikundi kikaitwa mbele kupigwa picha. Katika hotuba zote hakuna aliyetaja gulio wala ushuru. Walisema wamewaletea wananchi fedha. Wiki mbili kabla nilipewa orodha ya vikundi vya kuhakiki. Kimoja kilikuwa cha vijana kumi wa kufyatua matofali. Nilikwenda mara moja, nikawakuta wanne na rundo la matofali mabichi yaliyofunikwa nyasi, nikaambiwa wengine wako shamba. Nikaweka sahihi. Baadaye nilikuja kujua kwamba watatu walikuwa ndugu wa mwenyekiti walioishi mjini, na wengine watatu hawakuwapo kabisa. Kilikuwa kikundi hewa, na sahihi ilikuwa yangu.

Nilipokwenda kudai marejesho, mwenyekiti alinijibu bila ukali wowote: "Mama, ile si ilikuwa zawadi?" Niliumia, lakini sikuweza kumlaumu yeye peke yake. Alikuwepo uwanjani na alisikia kilichosemwa. Tangu siku hiyo nimeamini, na sijapata sababu ya kubadili mawazo, kwamba mkopo wa halmashauri hupotea siku mkopaji anaposahaulishwa kwamba fedha ni ya jirani yake wa gulioni. Umaskini una sehemu yake, hila zina sehemu yake, lakini wale wanawake watano walikuwa maskini kuliko wale vijana.

Mwaka 2018 agizo likawa sheria. Bunge lilirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na asilimia 10 ikagawanywa upya: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba ikaondolewa. Kanuni za mwaka 2019 zikaeleza kamati za mikopo, usajili wa vikundi na masharti ya mkataba. Lile fungu la asilimia 2 lilinifurahisha kuliko yote. Kwa miaka mingi nilikuwa na fundi viatu asiye na miguu aliyeniuliza kila mwaka yeye yuko fungu gani, na kila mwaka nilimwambia asubiri. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mwenye genge akakivaa shingoni, na mgambo akapita bila kumgusa.

Fedha zilizokwenda kwenye vikundi sasa zilikuwa nyingi kuliko zamani, na matatizo ya zamani yakakua pamoja nazo. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja mikopo isiyorejeshwa, vikundi visivyojulikana vilipo na halmashauri zisizochangia kiasi kinachotakiwa. Mwezi Aprili 2023 serikali ikasitisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu utazamwe upya. Ilirejeshwa mwaka 2024: halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na nyingine zikaendelea kwa kamati zilizoboreshwa. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilisoma habari hiyo barazani kwangu, nikawaza kuhusu benki. Benki ina ujuzi wa kudai. Lakini karani wa benki hatakaa kwenye dawati la mtoto Alhamisi jioni, na hatajua nani anauguliwa.

Mwaka jana walinijia wasichana watano wa mtaa wetu, washonaji, wana vyerehani vitatu kwenye kizimba kimoja. Walitaka niwasaidie kuandika katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao cha kwanza. Nikawaambia kwanza waniletee stakabadhi zao za ushuru. Wakaangaliana. Kesho yake wakaja na mfuko wa plastiki umejaa vikaratasi vya mashine, vile vyembamba vinavyojikunja. Tukavimwaga mezani. Vya wiki ile vilisomeka vizuri. Vya miezi minne nyuma vilikuwa vimepauka, na vya mwanzo wa mwaka vilikuwa vyeupe kabisa, hata tarehe haionekani.

Nikaingia chumbani nikatoa ile karatasi ya waridi ya 1996. Wakaipokezana mmoja baada ya mwingine. Kaboni yake bado inasomeka: viazi, debe 1. Mdogo wao akauliza debe moja la viazi wakati huo lilikuwa shilingi ngapi, nikamwambia. Kisha mkubwa wao akamtuma mwenzake dukani kununua kaunta buku, wakaanza kunakili vikaratasi vilivyobaki, tarehe na kiasi, kabla wino wake haujafutika.