Asili na Maana ya Neno "Othodoksi"

Neno hili latokana na maneno mawili ya Kiyunani: orthos, yaani "-nyofu", na doxa, ambalo maana yake ya kwanza ni "rai". Basi othodoksi ni mwenye rai iliyonyooka. Lakini Wayahudi waliofasiri Maandiko yao kwa Kiyunani, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, walilitumia doxa kuutaja utukufu wa Mungu. Hivyo neno likapata maana mbili: kusadiki sawasawa na kutukuza sawasawa.

Mzozo juu ya picha takatifu ulipozuka Constantinople katika karne ya 8, kila upande ulijiita mnyofu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 843 Malkia Theodora, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, alizirudishia picha heshima yake. Ushindi huo hukumbukwa hata leo katika Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, iitwayo Jumapili ya Othodoksi.

Warusi walipolipokea neno hili katika lugha yao walishika maana ya pili: pravoslavie, "kutukuza kulikonyooka". Kwa hiyo alifasiriye kwa "imani sahihi" peke yake amelishika nusu. Nusu ya pili imo katika ibada.