Gharama ya Kuishi Katika Mji Mtakatifu

Tukisoma kitabu cha Nehemia, wengi wetu tunakumbuka ukuta. Tunawakumbuka wajenzi walioshika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mkono wa pili, na tunahubiri juu ya bidii. Lakini katikati ya habari za ukuta, katika sura ya 5, kuna kilio ambacho mara nyingi tunakiruka. Ni kilio cha watu waliokosa nafaka.

Watu hao walikuwa wanaujenga upya mji ulioheshimiwa kuliko miji yote ya Wayahudi. Hekalu lilikuwa limekwisha kusimama. Hata hivyo wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha za kulipa kodi ya mfalme wa Uajemi. Wengine waliwatoa wana na binti zao kuwa watumwa. Na waliowadai walikuwa ndugu zao wenyewe. Baadaye, katika sura ya 11, ilibidi ipigwe kura, mtu mmoja katika kila kumi, ili mji upate wakazi. Waliojitolea kwenda kukaa humo walibarikiwa na watu wote, kwa maana kila mtu alijua kwamba kuishi Yerusalemu kulikuwa sadaka.

Mahali panapopendwa na wengi huwa na gharama kwa wanaopaita nyumbani. Canterbury, mji wa Uingereza wenye kanisa kuu la kale, hupokea wageni wengi kila mwaka, na mwenyeji wa kipato kidogo huona kodi ya nyumba ikimlemea. Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilipo kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Leo nyumba nyingi za kale humo ni hoteli.

Huku kwetu hatuna kanisa kuu la mawe. Tuna Ngorongoro. Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa, na Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia alama zao kwenye mapatano ya kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Mwaka huohuo Mary Leakey alipata fuvu la kale sana katika bonde la Olduvai, na jina la nchi hii likasikika duniani kote. Mwaka 1979 Ngorongoro ikawa Urithi wa Dunia.

Heshima hiyo ilikuja na masharti. Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa ndani ya eneo hilo. Mwaka 1992 kiliruhusiwa tena, bustani ndogo za mahindi, maharage na viazi zikarudi kando ya maboma, na mwaka 2009 zikakatazwa kwa mara nyingine. Mwaka 2022 familia zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, na mwaka huohuo kilomita za mraba 1,500 za upande wetu wa Loliondo zikatengwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti. Sababu za kulinda maji, misitu na wanyama ni za kweli, nasi tunaamini kwamba dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Lakini mtoto wa boma naye ni wa Bwana, na ugali wake una bei.

Bei hiyo tunaijua hapa Malambo, ingawa tuko nje ya mpaka wa eneo hilo, kwa sababu nchi yetu ni kame na mahindi mengi hutoka mbali, Karatu na kwingineko. Mfugaji huuza mnyama mnadani ndipo anunue unga. Mvua zikikosekana, ng'ombe hukonda na bei yake hushuka. Mahindi nayo huadimika na bei yake hupanda. Mambo hayo mawili huja pamoja, wakati mmoja, juu ya mtu mmoja. Ng'ombe aliyeleta magunia kadhaa wakati wa neema huleta madebe machache wakati wa kiangazi.

Ni rahisi kuishia hapo na kuwalaumu walio mbali. Nehemia hakutuachia njia hiyo. Alikasirika, lakini baada ya kushauriana na nafsi yake aliwakabili wakuu wa watu wake mwenyewe. Aliwataka warudishe mashamba na nyumba, na waache riba. Yeye naye kwa miaka 12 hakula posho ya liwali aliyostahili, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Basi tujiulize sisi tunaokaa viti vya mbele ibadani. Katika kiangazi kilichopita wapo kati yetu waliokopesha gunia moja la mahindi wakalipwa mtamba. Mtamba ule ulikuwa maziwa ya watoto kwa miaka ijayo. Tulimwona mwenye deni Jumapili akileta mbuzi wa sadaka, tukamnadi mbele ya kanisa, tukapiga vigelegele, wala hatukuuliza nyumbani kwake kumebaki nini. Na sisi wachungaji tuliyajua hayo, tukanyamaza.

Yako mambo ambayo usharika hauwezi kuyaamua. Hatupangi mipaka wala sheria za ardhi. Lakini jumuiya yaweza kukusanya fedha wakati wa mavuno, mahindi yakiwa bei nafuu, ikayaweka stoo na kuyatoa kwa bei ileile ya kununulia miezi ya njaa ikifika. Aliyechukua mtamba aweza kuurudisha. Mchungaji aweza kupokea pungufu mwaka wa ukame.

Ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52. Wageni wanaokuja kuona nchi yetu huuliza umri wa mawe na mifupa. Bwana wa nchi atauliza kama jirani alikula.