Historia ya Carménère, Mzabibu wa Chile

Mizabibu ya kwanza ya Chile ililetwa na Waspania katika karne ya 16. Aina iliyoenea zaidi, iitwayo País, ilitawala mashamba kwa takriban miaka 300, ikitoa divai nyepesi ya altareni na ya mezani. Nyakati hizo Carménère ilikuwa bado kwao, Médoc, karibu na Bordeaux nchini Ufaransa: zabibu nyeusi, yenye kuchelewa kuiva, na divai yake ina wekundu mzito.

Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Chile, baadhi yao wakiwa wamechumia migodini, walitamani divai ya namna ya Bordeaux. Mwaka 1851 mmoja wao, Silvestre Ochagavía, aliagiza pingili kutoka Ufaransa, na wengine wakamfuata. Cabernet Sauvignon, Merlot na Carménère zikavuka bahari, zikapandwa kwa kuchanganywa katika mabonde yaliyo chini ya Andes.

Haukupita muda mrefu, balaa likaishukia Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1860, filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi, aliangamiza mashamba mkoa kwa mkoa. Wakulima wa Bordeaux walipanda upya kwa kubebesha mizabibu yao juu ya mashina ya Marekani yanayomstahimili mdudu huyo, lakini Carménère wengi wao waliiacha. Baridi na mvua za msimu wa maua ziliizuia kushika matunda, na mara nyingi msimu uliisha kabla haijaiva. Chile, iliyozingirwa na jangwa la Atacama, Andes na Pasifiki, haikuvamiwa na filoksera. Mpaka leo mizabibu mingi ya huko husimama juu ya mizizi yake yenyewe.

Hata hivyo, kadiri vizazi vilivyopita, Carménère ilisahaulika ikiwa hai. Majani yake hufanana mno na ya Merlot, kwa hiyo ikahesabiwa kuwa Merlot, na zote mbili zikavunwa pamoja. Carménère huhitaji wiki tatu hadi nne zaidi ili iive. Ikikatwa mapema, divai yake hunukia pilipili hoho mbichi, na harufu hiyo ikawa alama ya kile kilichoitwa Merlot ya Chile.

Tarehe 24 Novemba 1994, Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa aina za mizabibu kutoka Montpellier, alitembelea shamba la Viña Carmen, Alto Jahuel, katika bonde la Maipo. Ulikuwa msimu wa maua. Alichunguza stameni, akaona zimepinda, akasema wazi kwamba hii si Merlot, ni Carménère. Mwaka 1996 Viña Carmen ikauza divai hiyo kwa jina lake la kale la Bordeaux, Grande Vidure. Mwaka 1998 serikali ya Chile ikaitambua rasmi.

Ndipo kazi ya shambani ilipobadilika. Mizabibu ilitenganishwa, na mavuno ya Carménère yakasogezwa hadi Aprili na Mei. Peumo, katika bonde la Cachapoal, na Apalta, katika Colchagua, zikapata sifa kubwa, kwa kuwa huko jua hudumu hadi zabibu ziive taratibu. Baadhi ya watengenezaji, wakiikimbia harufu ya hoho, waliziacha ziive kupita kiasi, na divai ikawa nzito na tamu kama jemu. Iliyotengenezwa kwa ustadi ina ladha ya plamu, forosadi na kakao, ni laini kinywani, na kwa mbali hubaki na ukijani unaokumbusha pilipili manga. Ukijani huo ni haki yake, wala usifutwe.

Leo Chile ina takriban hekta 10,000 za Carménère. Bahari na milima viliulinda mti wenyewe kwa zaidi ya karne moja, lakini divai yake bora ilianza kupatikana pale wakulima walipoijua ni nani, wakakubali kuingoja.